Shajara ya mradi: Kiingereza cha kesho asubuhi

Wiki ya 1

Leo nimekutana na walimu wote 14 nitakaowafundisha Kiingereza, wa shule mbili, katika chumba kimoja. Kila mmoja wao anafundisha kwa vitabu vya Kiingereza, na karibu wote Kiingereza chenyewe walikiweka chini siku walipomaliza mtihani wa mwisho wa chuo. Mshahara wao haufiki mwisho wa mwezi. Saba wana kazi ya pili: tuisheni za jioni, cherehani, biashara ndogondogo. Naliandika hili mwanzoni kabisa kwa kuwa kila ratiba nitakayoipanga itagongana nalo.

Nilianza na mtihani wa kupima kiwango. Nilitaka kujua nani yuko ngazi gani katika zile ngazi sita za Baraza la Ulaya za kupima ujuzi wa lugha, A1 (anayeanza) hadi C2 (mahiri), zilizochapishwa 2001. Niligawa karatasi, chumba kikanyamaza. Mwalimu mmoja, mkubwa kuliko sote kwa umri, aliigeuza karatasi yake kifudifudi, akalaza kalamu juu yake, akatazama dirishani mpaka muda ukaisha. Hakuandika hata jina. Tulipobaki wawili akaniuliza taratibu, "Mwalimu, ukishajua kwamba sijui, hiyo karatasi utampelekea nani?"

Mwajiri wao alikuwa ameomba matokeo, nami nilikubali bila kufikiri. Mtu anayelipwa kidogo na kuambiwa kila mara kwamba wanaoitaka nafasi yake ni wengi, ukimwekea alama ya Kiingereza mezani kwa mwajiri umemweka pabaya. Nimewarudishia wote karatasi zao bila kusahihisha. Mwajiri nimemwandikia kwamba hatapata alama za mtu mmoja mmoja, sasa wala baadaye. Amekubali kwa shingo upande.

Wiki ya 2

Wiki nzima sikufundisha. Nilikaa nyuma ya madarasa, vipindi 11, daftari magotini, nikiandika kila sentensi ya Kiingereza iliyotoka kinywani mwa mwalimu. Kila mmoja nilimwomba ruhusa kwanza, na baada ya kipindi nilimpa daftari alisome, aone kwamba nimeandika alichosema tu, bila kalamu nyekundu.

Nilitarajia kukuta watu wanaohitaji sarufi nzima tangu mwanzo. Nilikuta sentensi chache zilezile zikizunguka: fungueni vitabu, kaeni chini, tazameni ubaoni, nani anajua, nyamazeni, mmeelewa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoongoza. Mwalimu anauliza "Do you understand?", darasa linaitika "Yes!" kwa sauti moja, somo linasonga. Katika kipindi kimoja niliihesabu mara 23. Nje ya sentensi hizo, Kiingereza chote kilichobaki kilikuwa kinasomwa kitabuni au kuandikwa ubaoni neno kwa neno. Mwalimu akiulizwa swali na mtoto, anarudi kwenye Kiswahili akiwa ameinamisha uso, kana kwamba amefumaniwa.

Mwaka 1953 Michael West, mtaalamu wa kufundisha Kiingereza, alichapisha orodha ya maneno kama 2,000 ya Kiingereza yanayomfaa zaidi anayejifunza lugha hiyo. Nimeitumia orodha hiyo kwa miaka, na mpango wangu wa awali uliegemea hapo. Nimeuacha. Mwalimu mwenye vipindi saba kwa siku na tuisheni jioni hana mahali pa kuweka maneno 2,000. Ana nafasi ya sentensi tatu kwa wiki, tena ikiwa sentensi hizo zitampunguzia kazi kesho asubuhi. Kwa hiyo nimeketi na madaftari yangu nikachagua sentensi 40 za darasani: za kuanza kipindi, kutoa kazi, kugawa makundi, kuuliza, kusahihisha kwa upole, kumsifu mtoto, kufunga kipindi. Hiyo ndiyo silabasi. Anayezimudu zote 40 bila kusita anaweza kuendesha darasa kwa Kiingereza, na kilichobaki kitajengeka juu yake.

Wiki ya 3

Jumamosi ya kwanza ya mafunzo: wamefika 6 kati ya 14.

Nilikuwa nimepanga saa tatu nzima, karatasi za manila ukutani, mazoezi ya makundi. Jioni niliwapigia simu waliokosa, mmoja mmoja. Sikusikia uvivu hata kwa mmoja. Wengi wana tuisheni Jumamosi, mmoja ana mgonjwa nyumbani, mmoja alikosa nauli na akaona aibu kusema. Mwalimu wa darasa la nne alinijibu hivi: "Jumamosi ndiyo inayomlipia mwanangu ada. Nikija kwako, yeye anarudishwa nyumbani."

Nimerudi kulisoma Pendekezo la ILO (shirika la kazi la Umoja wa Mataifa) na UNESCO (shirika lake la elimu) kuhusu hadhi ya walimu, lile lililopitishwa Paris tarehe 5 Oktoba 1966. Siku ya Walimu Duniani, inayoadhimishwa tangu 1994, iliwekwa tarehe hiyo kwa sababu yake. Linataka mafunzo kazini yapatikane bure kwa walimu wote. Linataka pia mshahara umwezeshe mwalimu kuishi maisha yanayoridhisha, yeye na familia yake. Halimfungi mtu kisheria, lakini neno "bure" lilinisumbua usiku kucha. Mimi sikuwa nawatoza ada, nikajihesabia kwamba ninatoa bure. Wakati huohuo nilikuwa nawachukulia siku ya kipato, nauli ya kwenda na kurudi, na bando la kupakua sauti za sentensi nilizorekodi na kuwatumia kwa WhatsApp.

Jumamosi imefutwa. Wakuu wa shule zote mbili wamekubali dakika 25 ndani ya saa za kazi, mara mbili kwa wiki, wakati watoto wako kwenye michezo na walimu wawili wa zamu wakiwasimamia kwa kupokezana. Anayesafiri sasa ni mimi. Sauti nazihamisha kwa Bluetooth nikiwa pale pale ofisini, hakuna anayetumia bando lake. Walimu wawili wenye simu za kitochi nimewawekea sauti kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, nazo simu zao zinazicheza vizuri kabisa.

Dakika 25 ni kidogo. Lakini walimu 14 kwa dakika 25 ni bora kuliko walimu 6 kwa saa tatu, ukizingatia kwamba wale 6 ndio waliokuwa na unafuu tangu mwanzo.

Wiki ya 4 na ya 5

Tumepata mwendo. Kila kipindi kina sentensi mbili au tatu, basi. Tunaanza kwa mwili: mimi nasema, wao wanatenda. "Stand up." "Come to the board." "Work in pairs." Ni njia aliyoieleza mwanasaikolojia James Asher miaka ya 1960, kwamba anayeanza lugha aachwe kwanza asikie na kutenda kabla ya kudaiwa kusema. Inafaa sana hapa kwa sababu hakuna anayelazimishwa kufungua kinywa siku ya kwanza. Mwalimu anasimama, anatembea, anageuza kitabu, na anajiona anaelewa. Siku ya pili yeye ndiye anayetoa amri na sisi tunatii.

Kisha inafuata sehemu ninayoiona kuwa moyo wa mradi huu: mwalimu mmoja anasimama ubaoni kwa dakika tano, wenzake wakiwa wanafunzi wake, na anafundisha kipande kidogo cha somo lake halisi la kesho. Ufundishaji huu wa vipande vidogo ulianza Chuo Kikuu cha Stanford miaka hiyohiyo ya 1960; kule walirekodi kwa kamera, sisi tunatumia macho ya wenzetu. Nimeweka sheria moja ya mrejesho. Kwanza msemaji mwenyewe aseme sentensi gani angependa kuirudia, airudie papo hapo, ndipo mwenzake mmoja tu aongeze jambo moja tu. Bila sheria hiyo walimu husahihishana kama wanavyosahihisha madaftari, na aliyesahihishwa mara nane mbele ya wenzake harudi tena ubaoni.

Ile "Do you understand?" tumeipiga marufuku kwa hiari yetu. Mahali pake tumeweka maswali ya kumfanya mtoto aonyeshe: "Show me the biggest number." "How many groups?" "What do you do first?" Mwalimu wa hisabati aliyejaribu kesho yake alirudi ofisini amekaa kimya, halafu akasema, "Nimegundua nusu ya darasa walikuwa wananiitikia tu." Halikuwa jambo la kufurahisha kwake. Nimekaa naye baada ya kazi tukapanga namna ya kurudia sehemu za makumi na mamoja.

Wiki ya 6

Wiki ya matamshi, nami nimejifunza mengi kuliko wao.

Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza, kwa matamshi ya kitabu, kina karibu 20. Haiwezekani kuzifundisha zote kwa dakika 25, wala si lazima. Nimechagua zile zinazoharibu maana darasani, "live" na "leave", "ship" na "sheep", nikaziacha nyingine zipite. Lafudhi yetu haina ubaya. Mtoto anayemwelewa mwalimu wake hahitaji mwalimu asikike kama mtangazaji wa London.

Jambo lililotufungulia mlango lilikuwa lile la "th". Walimu walikuwa wanasema "sink" kwa "think" na "zis" kwa "this", na kila kitabu cha matamshi kinawachorea ulimi katikati ya meno kana kwamba ni sauti ya ajabu. Nikaandika ubaoni: thamani, thelathini, themanini. Nikawaomba wasome. Wakasoma vizuri kabisa. Nikaandika: dhahabu, dhambi, fedha. Wakasoma. Nikawaambia, ya kwanza ni "think", ya pili ni "this", mnazo zote mbili tangu utotoni. Kikapita kimya kifupi, halafu chumba kizima kikaanza kusema "dhis, dhat, dhose" kwa pamoja. Nimekuwa nikifundisha kwa miaka mingi na sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika hivyo kwa sababu ya konsonanti. Wawili watatu ambao hata Kiswahili husema "samani" na "zahabu" ndio waliobaki na kazi, nao wana wenzao wa kuwasaidia.

Siku ya pili tulishughulika na makosa yanayotoka moja kwa moja kwenye Kiswahili chetu, kwa sababu mtu akijua kosa limetoka wapi haoni tena kuwa ni ujinga. Kuazima kwetu ni kuchukua na pia ni kutoa: nimeazima kalamu, niazime kalamu. Ndiyo maana mwalimu anasema "Borrow me a pen." Kusikia kwetu kunabeba sauti, baridi, njaa na harufu, hivyo mtu anasema "I hear cold." Yeye ni mume, yeye ni mke, na mama anageuka kuwa "he". Saa moja asubuhi inageuka "one o'clock". Kila moja ya hizi ni akili inayofanya kazi sawasawa kwa kanuni za lugha nyingine. Tumeandika kila kosa na chanzo chake kwenye manila moja, na manila hiyo sasa iko ukutani ofisini kwa walimu.

Tena kuna hili la namba, ambalo limenikosesha usingizi. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Mwalimu akisema "fifteen" kwa mkazo huo, inasikika "fifty". Nilikaa kwenye imla ya hesabu: mwalimu alisema 15, mtoto wa dawati la mbele akaandika 50, akajumlisha kwa usahihi, akapigwa mkasi. Alijumlisha sawa! Alama yake ilipotelea kwenye mkazo wa silabi moja. Tangu siku hiyo walimu wote wanaandika namba ubaoni wakati wanaitamka, na wanafanya zoezi la kuvuta silabi ya mwisho: fif-TEEN.

Wiki ya 7

Mitihani ya shule. Hatukukutana. Nimetumia muda kurekodi upya sentensi ya 16 hadi 30, safari hii kwa sauti za walimu wenyewe badala ya yangu. Wanapenda zaidi kumsikia mwenzao.

Wiki ya 8

Tumempoteza mmoja. Mwalimu kijana aliyekuwa anakwenda kasi kuliko wote, aliyekwisha shika sentensi zote 30 na kuanza kuwafundisha wenzake wakati wa mapumziko, amepata kazi ya mapokezi sehemu nyingine, kwa mshahara mkubwa mno kuliko ule wa ualimu. Katika usaili walimuuliza maswali kwa Kiingereza akajibu.

Nimempongeza kwa moyo wote, na ninamaanisha. Ana wazazi wanaomtegemea. Lakini darasa lake lina watoto wengi na kwa sasa linafundishwa kwa kupokezana na walimu ambao tayari wamejaa. Nimemwandikia mwajiri tena. Nimemweleza kwamba ukimwongezea mwalimu ujuzi bila kumwongezea kipato, umemtayarishia mwajiri mwingine mfanyakazi. Nimependekeza mambo mawili anayoweza kuyafanya hata bajeti ikiwa finyu: saa za mafunzo zihesabiwe kama saa za kazi kwenye maandishi, na anayemaliza sentensi 40 na kuwaongoza wenzake apewe posho ya uongozi wa somo. Hajajibu.

Walimu nao wameniuliza kuhusu cheti. Niliona kama ni jambo dogo, wakanieleza: bila karatasi yenye muhuri, mafunzo haya hayapo kwenye faili la mtu, na siku ya kupandishwa daraja hayatakumbukwa. Wana haki. Nimeanza kuzungumza na wakuu wa shule ili cheti kitaje saa na kazi iliyofanyika, kisitaje alama.

Wiki ya 9

Kosa langu lingine, na hili nimeliona kwa macho yangu.

Walimu wamepata ujasiri, na baadhi wameanza kufundisha kipindi chote kwa Kiingereza bila kugusa Kiswahili. Nilifurahi mpaka nilipokaa nyuma ya kipindi cha sayansi kuhusu mvukizo. Mwalimu alitoa maelekezo safi, akagawa makundi vizuri, akasema "evaporation" mara nyingi kwa matamshi mazuri. Nikainama kwa mtoto wa jirani yangu nikamuuliza kwa sauti ya chini maji yanakwenda wapi. Akaniambia, "Yanaingia kwenye sufuria." Alikuwa amenakili mchoro wote, mishale na kila kitu.

UNESCO ilishasema tangu ripoti yake ya 1953 kwamba mtoto hufunzwa vyema zaidi kwa lugha yake ya kwanza. Nalijua hilo, na bado sikuwaambia walimu waziwazi. Nilikuwa nimeacha waamini kwamba Kiswahili darasani ni dalili ya kushindwa, ile aibu niliyoiona kwenye nyuso zao wiki ya 2. Kwa hiyo kipindi cha Alhamisi kilikuwa cha jambo moja tu: mpangilio. Maelekezo ya kila siku kwa Kiingereza, kwa sababu yanajirudia na watoto watayashika. Wazo jipya kwa Kiswahili kwanza, kwa mfano wanaoujua. Kisha neno la Kiingereza, kisha sentensi nzima ya Kiingereza ambayo mtoto mwenyewe anaisema.

Mwalimu yule wa sayansi alirudia somo kesho yake. Alilowesha kitambaa, akafuta ubao, akawaambia watoto wautazame bila kusema kitu. Unyevu ukaanza kupungua kutoka pembeni. "Maji yamekwenda wapi?" Wakabishana kwa Kiswahili kwa dakika sita, kwa fujo nzuri. Mmoja akataja nguo kwenye kamba. Ndipo akaandika "evaporate", na mtoto akasimama akasema "The water evaporate to the air." Ile "s" haikuwepo na kihusishi kimekaa vibaya. Mwalimu akaitikia "Yes, the water evaporates into the air", akaendelea, kama tulivyofanya mazoezi.

Wiki ya 10

Hali ilivyo leo: walimu 13. Tisa wanazitumia sentensi zote 30 tulizokwisha kujifunza bila kusita; wawili wako kwenye 20; wawili wanakwenda polepole na hawajakosa kipindi hata kimoja. Hizi ni hesabu zangu za kukaa nyuma ya darasa, nao wenyewe wamezipitia na kuzikubali.

Kipindi cha jana hakukiongoza mtu mwingine ila yule mwalimu mkubwa wa siku ya kwanza. Aliniomba mwenyewe wiki iliyopita. Alichagua namba. Aliandika 13 na 30 ubaoni, akatugeukia, akasema "Listen. Which one?" na akatamka moja. Sisi tukaonyesha kwa mkono, kulia au kushoto. Alifanya hivyo kama mara kumi, kila mara akivuta "teen" kwa kichwa na bega. Aliposahau neno la kusema "badilishaneni" alisimama, akatazama manila ukutani, akalipata, akaendelea. Hakuna aliyemsemea.

Mwajiri amejibu leo mchana. Saa za mafunzo amekubali kuziandika kama saa za kazi, kuanzia mwezi ujao. Kuhusu posho amesema italetwa kwenye kikao cha bajeti. Nimeomba niwepo kwenye kikao hicho pamoja na walimu wawili, na wao wamekwisha chaguana.

Wiki ijayo: sentensi ya 31 hadi 33, na sauti tatu za "-ed", ile ya wakati uliopita. Wote tunasema "work-edi" na "play-edi". Nitaanza na "wanted", kwa kuwa vitenzi kama hicho, vinavyoishia kwa sauti ya t au d, ndivyo pekee vinavyostahili silabi ya ziada, halafu tuiondoe kwenye vile vingine. Kadi mbili za kumbukumbu zimejaa, zinahitaji kusafishwa. Jumanne nipite shule ya pili mapema kidogo, mwalimu wa darasa la nne anataka nimsikilize kabla wenzake hawajaingia.